Mnada wa korosho wahamia mtandaoni, mizani yabaki kijijini

Kwa miaka mingi mkulima wa korosho wa Lupaso, katika Wilaya ya Masasi mkoani Mtwara, alimfahamu mnunuzi wake kwa karatasi. Siku ya mnada wakulima walikusanyika, sanduku la zabuni likafunguliwa mbele yao, na barua za kampuni zikasomwa kwa sauti, moja baada ya nyingine, hadi ikajulikana ni nani ametoa bei ya juu na nani ya chini. Bei ikiridhisha, watu walishangilia. Isiporidhisha, walizomea na kurudi nyumbani, na korosho zikabaki ghalani.

Tangu msimu wa 2024/2025 sanduku hilo limewekwa kando. Kampuni zinazotaka korosho za Masasi, Newala, Tandahimba na wilaya nyingine za kusini hutuma bei zao kwa njia ya mtandao, kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, ambalo wengi hulitaja kwa kifupi chake cha TMX. Mwakilishi wa kampuni halazimiki tena kusafiri na bahasha iliyofungwa kwa gundi. Anaweza kushindana akiwa popote penye kompyuta na mtandao, na matokeo huonekana kwenye skrini mbele ya wakulima waliokusanyika.

Kwa Watanzania wengi Lupaso ni jina la kijiji alikozaliwa Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin Mkapa, mwaka 1938, na alikozikwa Julai 2020. Wachache hukumbuka kwamba msingi wa kisheria wa mnada huu uliwekwa katika mwaka wa mwisho wa utawala wake. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ilipitishwa mwaka 2005, wakati ambapo simu ya mkononi ilikuwa bado kitu cha kujivunia vijijini, na intaneti ilikuwa jambo la vibanda vichache vya mijini.

Zao lenye kumbukumbu ndefu

Mkorosho si mti wa asili ya Afrika. Uliletwa na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, ukaota vizuri katika ardhi ya kichanga ya pwani na ya Uwanda wa Makonde, mahali ambapo maji ni ya shida na mazao mengi mengine hayastahimili. Kufikia msimu wa 1973/1974 Tanzania ilikuwa ikizalisha kiasi cha tani 145,000, na kuhesabiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1986/1987, uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi chini ya tani 20,000.

Sababu za anguko hilo zilikuwa nyingi, na zilikuja kwa pamoja. Operesheni ya vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao. Ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua na machipukizi. Bei aliyolipwa mkulima nayo haikumpa sababu ya kupalilia shamba. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara mjini, walifanya kazi kubwa ya kutafuta tiba ya ubwiriunga na kutoa miche bora, na unga wa salfa ukawa sehemu ya maisha ya kila kaya yenye mikorosho. Lakini salfa inaponya mti tu. Ugonjwa wa bei ulihitaji dawa nyingine.

Biashara ilipofunguliwa kwa kampuni binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mnunuzi alimfuata mkulima hadi mlangoni. Kwa upande mmoja hilo lilileta fedha taslimu vijijini. Kwa upande mwingine mkulima alibaki peke yake mbele ya mtu aliyejua bei ya Mtwara, bei ya meli na bei ya India, wakati yeye alijua tu kwamba karo ya mtoto inadaiwa wiki ijayo. Hapo ndipo ilipostawi biashara iitwayo kangomba. Mfanyabiashara hutoa fedha mapema, mara nyingi katika miezi ya njaa kabla ya mavuno, kisha hupokea korosho kwa kipimo cha bakuli au kopo badala ya mizani, kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Kangomba imepigwa marufuku, na misako hufanyika kila msimu, lakini haijaisha, kwa kuwa shida inayoizaa haijaisha.

Stakabadhi na fujo zake

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008. Utaratibu wake, kwa maneno machache, ni huu. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, ambacho sasa watu wote hukiita AMCOS. Korosho hupimwa uzito, hukaguliwa unyevu na ubora, hupangwa katika daraja la kwanza au la pili, na mkulima hupewa hati. Kisha mzigo hupelekwa katika ghala kuu lenye leseni, na mwendesha ghala hutoa stakabadhi inayothibitisha kwamba kiasi fulani cha korosho za ubora fulani kimo ndani. Chama kikuu cha ushirika, ambacho kwa Masasi na Mtwara ni MAMCU na kwa Tandahimba na Newala ni TANECU, hukusanya shehena za vyama vya msingi na kuziingiza mnadani.

Nguvu ya mfumo huu ni kwamba kampuni ndogo na kubwa hushindania shehena ileile, siku ileile, mbele ya mashahidi. Udhaifu wake wa awali ulikuwa katika malipo. Mkulima alilipwa kwa mafungu: kiasi cha asilimia 70 ya bei dira kilitolewa kwanza kwa mkopo wa benki, fungu la pili baada ya mauzo, na ziada, kama ipo, ikaitwa majaliwa. Jina hilo lilisema mengi. Mwezi Aprili 2013, katika Wilaya ya Liwale mkoani Lindi, wakulima waliolipwa pungufu ya walivyotarajia walifanya ghasia, na nyumba kadhaa za viongozi zikachomwa moto. Baadaye utaratibu wa mafungu uliachwa, na mkulima akawa analipwa mara moja baada ya mnada.

Misimu miwili iliyofuatana inaonyesha jinsi sanduku la zabuni lilivyoweza kuleta neema na balaa kwa utaratibu uleule. Mwaka 2017 bei mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na mavuno yakapita tani 300,000. Pikipiki, mabati na magodoro yalinunuliwa kwa wingi mjini Masasi na Newala. Oktoba mwaka uliofuata kampuni zilitoa bei za chini ya shilingi 3,000, wakulima wakazikataa, na Novemba 2018 Rais John Magufuli akaamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, huku magari ya jeshi yakitumika kuzisomba. Malipo yalichukua muda mrefu kwa wakulima wengi, na Serikali ikajikuta na shehena kubwa ambayo ilipaswa kuitafutia mnunuzi.

Soko la Bidhaa ni nini

Soko la Bidhaa Tanzania linafanya kazi chini ya Sheria ya Masoko ya Bidhaa ya mwaka 2015, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, chombo kilekile kinachosimamia soko la hisa. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, ambayo iliupa mkataba na saini ya kielektroniki nguvu mbele ya mahakama. Bila sheria hiyo, bei iliyotumwa kwa kompyuta ingebaki kuwa ahadi tu, na kampuni iliyojutia bei yake ingeweza kuikana.

Soko halinunui korosho wala haliuzi. Kazi yake ni kuwakutanisha mwenye mzigo na mwenye fedha kwa kanuni zinazojulikana. Kabla ya mnada, chama kikuu hutoa orodha ya shehena, ikionyesha ghala, uzito, daraja na ubora. Ubora wa korosho ghafi hupimwa kwa ratili za kiini zitakazopatikana kutoka katika gunia la kilo 80 baada ya kubanguliwa. Ni kipimo cha zamani cha biashara hii, na kinajulikana na wanunuzi wa India na Vietnam, ambako sehemu kubwa ya korosho za Tanzania hupelekwa zikiwa hazijabanguliwa. Kampuni iliyosajiliwa huingia kwenye mfumo, huchagua shehena na kuweka bei. Muda ukifika, mlango hufungwa, na mfumo huzipanga bei kutoka ya juu kwenda ya chini.

Hatua inayofuata ndiyo iliyobaki kama ilivyokuwa zamani. Wakulima waliopo huulizwa kama wanaridhia, na wakiafiki, mauzo yanathibitishwa. Kampuni iliyoshinda hulipa ndani ya siku zilizowekwa, na baada ya malipo hupewa hati ya kutoa mzigo ghalani. Fedha hupita kwa chama kikuu na chama cha msingi hadi kwenye akaunti ya benki ya mkulima. Katika mlolongo huo wote mtandao umegusa hatua moja tu kwa ukamilifu, nayo ni ile ya kutoa bei.

Kampuni zapata nini

Kwa kampuni za ununuzi faida iko wazi. Zamani, kampuni iliyotaka kushiriki minada ya vyama vikuu vyote vya kusini ililazimika kuwa na watu Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea na Lindi, wakikimbizana na ratiba katika barabara ambazo mvua za Desemba hazizionei huruma. Kampuni ndogo isiyo na watu wala magari ilikosa. Sasa gharama ya kuingia mnadani imepungua, na kwa hesabu ya kawaida ya biashara, washindani wakiongezeka bei hupanda.

Lipo jambo jingine ambalo wafanyabiashara hawalisemi kwa sauti. Wanunuzi waliolala nyumba moja ya wageni usiku wa kuamkia mnada, na kunywa chai meza moja asubuhi, wana nafasi nzuri ya kupatana. Shaka ya wakulima kwamba bei zilipangwa kabla ya sanduku kufunguliwa ilikuwa ya siku zote, sawa na ile shaka kwamba bahasha fulani ilichunguliwa. Mtandao hauwezi kuzuia watu kupigiana simu. Hata hivyo, umeondoa mkono wa mtu kati ya bahasha na msomaji wake, na kila bei iliyowekwa huacha alama ya saa na jina. Kwa mkaguzi anayetaka kujua kilichotokea, hiyo ni tofauti kubwa.

Minada ya kwanza ya Oktoba 2024 ilianza kwa kishindo. Katika mnada wa TANECU bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, baada ya msimu uliotangulia ambao bei zake ziliwavunja moyo wakulima. Mavuno ya msimu huo yalizidi tani 500,000, kiasi ambacho Tanzania haikuwahi kukifikia. Viongozi wengi waliisifu kompyuta, na sifa hiyo ni ya kupokelewa kwa tahadhari. Mwaka huohuo mavuno ya Afrika Magharibi yalipungua, Ivory Coast ikazuia kwa muda korosho ghafi kutoka nje, na viwanda vya Vietnam vikawa vinahangaika kutafuta malighafi. Isitoshe, bei ya zaidi ya shilingi 4,000 ilishafikiwa mwaka 2017 kwa sanduku la mbao na karatasi. Mtandao unaweza kuhakikisha kwamba bei ya dunia inamfikia mkulima bila kupotea njiani, lakini hauna uwezo wa kuiumba, na siku bei ya dunia itakapoanguka, skrini itaonyesha anguko hilo kwa uaminifu uleule.

Majirani walivyopita njia hii

Ethiopia ilitangulia. Soko lake la bidhaa mjini Addis Ababa lilianza mwaka 2008, kwanza kwa wafanyabiashara kupaza sauti ukumbini, kisha likahamia kwenye kompyuta mwaka 2015. Kahawa ilipolazimishwa kupita humo, malalamiko yalizuka kwamba kahawa ya kijiji fulani ilichanganywa na ya wengine wa daraja moja, na mnunuzi wa Ulaya aliyekuwa tayari kulipa zaidi kwa jina la mahali akashindwa kujua imetoka wapi. Mwaka 2017 kanuni zililegezwa ili asili ya kahawa ijulikane. Kwa korosho somo hilo lina maana, maana korosho za Masasi na Newala huuzwa kwa shehena inayotajwa ghala lake, na chama kinachoanika vizuri hakipaswi kubeba mzigo wa jirani aliyepeleka korosho mbichi.

Mombasa ni kisa cha aina nyingine. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki, ambao kwa miongo kadhaa ulifanyika kwa nyundo na sauti, ulizungumzia kuhamia kwenye kompyuta kwa miaka mingi huku madalali wakivuta miguu. Ugonjwa wa korona mwaka 2020 ndio uliomaliza ubishi, kwa kuwa watu hawakuweza tena kukaa ukumbi mmoja. Chai ya Rwanda, Burundi, Uganda na hata ya Tanzania iliendelea kuuzwa hapo bila mnunuzi kuhudhuria.

Kabla na baada ya skrini

Ukimwondolea mkulima wasiwasi wa bahasha, unabaki wasiwasi wa mizani. Chukua mfano wa mtu mwenye gunia lililopimwa kilo 80 nyumbani na kilo 77 ghalani. Kwa bei ya shilingi 4,000 amepoteza shilingi 12,000 kabla hata ya mnada kutangazwa, na hakuna kompyuta ya Dar es Salaam itakayomrudishia. Akiwa na magunia kumi ya aina hiyo, hasara yake ni shilingi 120,000. Kwa sababu hiyo usambazaji wa mizani ya kidijitali kwa vyama vya msingi, pamoja na mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika wa kusimamia hesabu za vyama, ujulikanao kama MUVU, huenda ukawa na uzito zaidi kwa kaya ya Lupaso kuliko mnada wenyewe. Uzito ukiingia kwenye mfumo moja kwa moja kutoka kwenye mizani, karani hawezi kuandika namba nyingine kwa kalamu.

Kisha kuna makato. Bei inayosomwa kwenye skrini siyo inayoingia benki. Kati yake zimo gharama za chama cha msingi na chama kikuu, ghala, usafirishaji na michango mingine, na orodha hiyo hubadilika kutoka msimu hadi msimu. Wapo wakulima wanaofahamu kila senti, na wapo wanaoona ujumbe wa benki kwenye simu na kuanza kukisia. Mfumo uliofaulu kumwonyesha mkulima bei za kampuni zote kwa dakika moja hauna sababu ya kushindwa kumwonyesha makato yake kwa utaratibu huohuo.

Haki ya kukataa bei nayo ina gharama zake. Korosho zikikaa ghalani zinapungua uzito kadiri zinavyokauka, gharama za kuhifadhi zinaongezeka, na msimu unasogea kuelekea wakati ambapo mavuno ya Afrika Magharibi huingia sokoni. Mkulima anayekataa leo hucheza kamari na kalenda. Asiye na akiba hukubali mapema, au huwa amekwishauza kwa kangomba tangu Agosti, na jina linalosomwa kwenye malipo ya benki ni la mwingine.

Mtandao wenyewe si kitu cha kuchukuliwa kwa mazoea. Mei 12, 2024 hitilafu katika nyaya za chini ya bahari ilidhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote, tena kwa siku kadhaa, katika kipindi cha mwaka ambacho ndicho cha korosho. Biashara inayotegemea waya mmoja husimama waya huo unaposimama, na katika miezi ya Oktoba hadi Desemba kila wiki ya mnada ina thamani ya mabilioni ya shilingi. Kwa kampuni ya kigeni, wiki isiyo na mnada ni usumbufu wa ratiba ya meli. Kwa Lupaso ni duka lisilofungua daftari la mkopo.

Wenye viwanda vya ndani wana hoja yao pia. Katika miaka ya 1970 Serikali ilijenga viwanda vya kubangua korosho katika miji kadhaa ya kusini, Masasi na Newala ikiwemo, kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Vingi havikufanya kazi kama ilivyokusudiwa, na baadhi viliishia kuwa maghala ya korosho ghafi zinazosafirishwa. Sasa mbanguaji wa ndani hukutana kwenye skrini moja na kampuni inayonunua kwa ajili ya kiwanda kikubwa cha Vietnam. Wa ng'ambo ana mtaji wa bei nafuu na mashine nyingi. Wa ndani hukopa kwa riba kubwa, na lazima anunue malighafi ya mwaka mzima ndani ya miezi mitatu. Mfumo hauulizi korosho zinakwenda wapi, unaangalia bei tu. Mpango wa kujenga eneo la viwanda vya korosho huko Maranje, mkoani Mtwara, unalenga kubadili hali hiyo, na mafanikio yake yatategemea kama wabanguaji hao watapata shehena zao katika mnada uleule ambao mkulima anautazama kwa matumaini ya bei ya juu kabisa.